Maswali na Majibu: Kuchagua inveta za kituo kikubwa cha umeme wa jua

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinahusu inveta, yaani mtambo unaopokea umeme wa mkondo mnyoofu kutoka kwenye paneli na kuugeuza kuwa wa mkondo geu unaoweza kuingia kwenye gridi. Tumezifupisha pale ilipobidi, lakini maswali ni ya wasomaji wenyewe.

Swali: Zabuni ya bei ya chini au ya ufanisi wa juu?

*Ndugu Mshauri, tunajiandaa kujenga kituo cha megawati 100, na tumepokea zabuni mbili za inveta. Ya kwanza ni nafuu kwa asilimia 12. Ya pili ina ufanisi unaozidi ule wa kwanza kwa nusu asilimia. Wakurugenzi wetu wanasema nusu asilimia si kitu, na wanataka tuchukue ya bei nafuu. Je, wako sahihi? – Meneja wa mradi*

Jibu: Huenda uamuzi wao ukawa sahihi, ila sababu waliyoitoa si sahihi, na ni vyema mkaitengeneza sababu hiyo kabla ya kutia saini. Inveta huchukua sehemu ndogo ya gharama ya ujenzi, mara nyingi chini ya sehemu moja ya kumi. Tuseme kwenye mradi wenu zinachukua asilimia 6. Punguzo la asilimia 12 juu ya asilimia 6 ni pungufu kidogo ya robo tatu ya asilimia moja ya gharama yote ya ujenzi. Kwa upande wa pili, nusu asilimia ya ufanisi ni nusu asilimia ya mapato yote ya kituo kwa miaka yote ambayo kitafanya kazi. Ukiziweka tofauti hizo mbili pamoja utaona kwamba zinakaribiana sana, kwa hiyo jibu haliwezi kutolewa kwa kukisia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kama kituo kitazalisha uniti milioni 180 kwa mwaka, nusu asilimia ni uniti 900,000 kila mwaka. Kwa kiwango cha punguzo (kiasi ambacho thamani ya mapato ya baadaye hushushwa kwa kila mwaka wa kusubiri) cha asilimia 8 na muda wa miaka 25, uniti moja inayopatikana kila mwaka ina thamani ya uniti 10.67 za leo, hivyo uniti hizo 900,000 ni sawa na uniti milioni 9.6 zilizouzwa leo kwa mkupuo. Zidisha idadi hiyo kwa bei ya kuuzia umeme iliyomo kwenye mkataba wenu, kisha linganisha na tofauti ya zabuni hizo mbili. Kama thamani hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya bei, inveta iliyoonekana ghali ndiyo ya nafuu. Kiwango cha punguzo kikiwa cha juu zaidi, kwa mfano kwa sababu mkopo wenu una riba kubwa, faida ya ufanisi hushuka, na hilo pia ni jambo la kweli ambalo wahandisi hatupendi kulikubali.

Ila kabla ya kufanya hesabu hiyo, chunguza nusu asilimia yenyewe imetoka wapi. Wauzaji hupenda kuandika ufanisi wa kilele, ambao siku hizi kwa mitambo mikubwa hufika asilimia 98.5 hadi 99, lakini inveta haifanyi kazi kwenye kilele hicho siku nzima. Ndiyo maana kuna ufanisi wa wastani uliopimwa kwa viwango mbalimbali vya mzigo. Kanuni ya Ulaya hutoa uzito wa 0.48 kwa nusu ya mzigo na 0.20 tu kwa mzigo kamili. Ile ya California hutoa uzito wa 0.53 kwa mzigo wa asilimia 75. Kwa eneo lenye jua kali karibu mwaka mzima, kanuni ya California huwa karibu zaidi na hali halisi. Linganisha zabuni zote mbili kwa kanuni moja.

Omba pia ufanisi uliopimwa kwenye volti ambayo paneli zenu zitatoa zikiwa zimepata joto. Volti ya paneli hushuka kadiri joto linavyopanda, na inveta iliyopimwa kwenye volti inayopendelewa na maabara inaweza kupoteza sehemu ya nusu asilimia hiyo itakapofika uwandani. Uliza umeme unaotumiwa na feni na saketi za udhibiti mchana, na ule unaoliwa usiku wakati mtambo umelala. Na uliza nguvu inayotolewa kwenye joto la nyuzi 50 za Selsiasi, kwa kuwa inveta nyingi hujipunguzia uwezo ili zisiungue. Anayeuza mtambo wa megawati 4.4 uliopimwa kwenye nyuzi 30 huenda kwenu anauza mtambo wa megawati 4. Kama kituo kiko nyanda za juu, hewa nyepesi hupoza vibaya na kuhami vibaya, hivyo kuna punguzo jingine linalopaswa kuonekana kwenye jedwali la mtengenezaji. Zabuni zisizo na majedwali hayo zirudishwe.

Swali: Inveta kubwa chache au ndogo nyingi?

*Mhariri, katika timu yetu kuna mvutano. Mhandisi mmoja anataka inveta kubwa za megawati nne na zaidi, mwingine anataka ndogo za kilowati mia tatu na kitu zilizotawanywa kwenye uwanja. Kila mmoja anadai mfumo wake ndio unaopunguza gharama. Tumsikilize nani? – Mhandisi wa ujenzi*

Jibu: Wote wawili wana hoja, na kosa linalofanyika mara nyingi ni kulinganisha bei ya inveta kwa kila kilowati na kuishia hapo. Kwa kipimo hicho inveta kubwa kwa kawaida huwa nafuu. Lakini inveta kubwa haiji peke yake. Inahitaji visanduku vya kukusanyia nyaya vyenye fyuzi, kebo nene za mkondo mnyoofu zinazosafiri mamia ya mita, zege la kuuwekea mtambo, na kreni ya kuushusha. Inveta ndogo nayo huondoa visanduku hivyo na kuleta kebo nyingi za mkondo geu, kwa kawaida za volti 800, kutoka kila inveta hadi kwenye transfoma, pamoja na swichi ya kila moja na waya wa mawasiliano wa kila moja. Gharama ya kulinganisha ni ile inayoanzia kwenye ncha ya mstari wa paneli (paneli zilizounganishwa kwa mfululizo) na kuishia upande wa volti ya kati wa transfoma, ikiwa ni pamoja na mitaro, vibarua na umeme unaopotea njiani. Nimeona ulinganisho ukigeuka kabisa baada ya mitaro kuhesabiwa.

Kisha kuna ardhi. Ndani ya kila inveta kuna saketi inayotafuta bila kukoma nukta ambayo paneli hutoa nguvu ya juu kabisa, na mafundi huiita MPPT. Inveta kubwa huwa na saketi moja au chache kwa maelfu ya paneli. Inveta ndogo huwa na kadhaa, wakati mwingine kumi na mbili, kila moja ikihudumia mistari miwili au mitatu tu. Kwenye uwanja tambarare, wenye paneli za aina moja zinazotazama upande mmoja, kugawanya kazi hiyo huleta faida ndogo mno, na muuzaji anayeahidi asilimia kadhaa za ziada kwenye uwanja wa namna hiyo aombwe kuziandika kama dhamana. Kwenye vilima na mabonde, ambako mistari hupata jua kwa pembe tofauti na kutupiana kivuli asubuhi na jioni, faida hiyo ni ya kweli na inaweza kuamua shauri.

Jambo la tatu, ambalo nadhani ndilo zito kuliko yote, ni hitilafu. Kituo cha megawati 100 kitahitaji inveta 23 za megawati 4.4, au 313 za kilowati 320. Tuchukue uzalishaji ule ule wa uniti milioni 180 kwa mwaka, ambao ni karibu saa 4.9 za nguvu kamili kwa siku. Inveta kubwa ikilala siku 14 ikisubiri fundi wa kiwandani na kipuri, uniti 304,000 hivi zimepotea. Inveta ndogo ikilala siku 3, zinapotea uniti 4,700. Maana yake ni kwamba hitilafu moja kubwa ni sawa na hitilafu ndogo 64, na ili mifumo hiyo miwili ilingane kwa hasara, inveta ndogo moja kati ya kila tano ingebidi iharibike kila mwaka dhidi ya kubwa moja kati ya 23.

Msifanye haraka kuhitimisha kwamba ndogo zimeshinda. Hesabu hiyo imesimama juu ya siku 14 na siku 3, na siku hizo ni ninyi mnaoziamua. Kama mtengenezaji wa inveta kubwa ana karakana karibu, ana vipuri ghalani, na amefungwa kimkataba kufika ndani ya saa 24, siku 14 zinaweza kuwa 2, na hasara hushuka hadi sehemu moja ya saba. Inveta nyingi kubwa za leo zimejengwa kwa vitengo kadhaa, hivyo kimoja kikifa vingine huendelea. Kwa upande mwingine, siku 3 za inveta ndogo zinadhania kwamba ziko inveta za akiba kwenye ghala la kituo, na kwamba wapo mafundi wanaoweza kubeba mtambo wa takriban kilo 100, kuubadilisha na kuuwasha bila kumngoja mtu kutoka mbali. Bila akiba hiyo, zile 313 hugeuka orodha ndefu ya kazi ambazo hakuna anayezimaliza.

Kwa hiyo ushauri wangu unafuata mahali na watu. Uwanja ukiwa mbali, barabara mbaya, ardhi ya mawimbi na mafundi wa kawaida, nitachukua ndogo hata kama bei yake kwa kilowati iko juu kidogo. Uwanja ukiwa tambarare, karibu na huduma ya uhakika, na hasa kama kuna mpango wa kuunganisha betri upande wa mkondo mnyoofu, kubwa ndizo zinazonivutia. Ipo pia njia ya katikati ambayo timu yenu huenda haijaifikiria: kuziweka inveta ndogo zote pamoja kando ya transfoma, na kuziletea kebo za mkondo mnyoofu. Kebo za volti 800 hupungua hadi mita chache, kubadilisha inveta hubaki kazi rahisi, na fundi hatembei uwanja mzima kutafuta iliyozimika.

Swali: Paneli za megawati 130 kwenye inveta za megawati 100

*Mshauri, mhandisi wetu amependekeza tununue paneli za megawati 130 wakati inveta ni za megawati 100. Mimi naona tunanunua megawati 30 za kutupa. Nisaidie kabla sijaidhinisha malipo. – Mhasibu wa kampuni*

Jibu: Wasiwasi wako ni wa mtu anayejali fedha za kampuni, na unastahili jibu la hesabu. Megawati 130 zilizoandikwa kwenye paneli zilipimwa maabara, chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba na paneli zikiwa na joto la nyuzi 25 tu. Paneli iliyokaa juani adhuhuri hufika nyuzi 55 bila shida. Aina nyingi hupoteza karibu asilimia 0.35 ya nguvu kwa kila nyuzi inayozidi 25, kwa hiyo nyuzi 30 za ziada huondoa asilimia 10.5. Vumbi, nyaya na tofauti ndogo za paneli huondoa asilimia 5 nyingine. Sasa chukua mwanga mzuri wa wati 900: megawati 130 zinakuwa 117 kwa sababu ya mwanga, zinashuka hadi 104.7 kwa sababu ya joto, na kubaki 99.5 baada ya vumbi na nyaya. Kwa mwanga mzuri wa namna hiyo, kituo chenu kitakuwa kimegusa tu ule uwezo wa inveta.

Kwa saa nyingine zote, asubuhi, alasiri na siku za mawingu, paneli za ziada huijaza inveta ambayo ingekuwa ikifanya kazi nusu tupu. Inveta, transfoma, laini na kibali cha kuunganisha mmekwisha kuvilipia kwa megawati 100, na kila uniti ya ziada inayopita humo hupunguza gharama ya uniti zote. Hapo ndipo akiba inapopatikana.

Zipo nyakati ambazo paneli zitataka kutoa zaidi ya megawati 100, na inveta itakata kilele hicho kwa kusogea mbali na nukta ya nguvu ya juu. Umeme huo hupotea kweli. Uwiano wa 1.2 hadi 1.4 ni wa kawaida kwenye vituo vikubwa, lakini uwiano unaofaa kwenu hautoki kwenye desturi. Unapatikana kwa kuongeza paneli kidogo kidogo kwenye modeli hadi pale ambapo mapato ya paneli ya mwisho hayafidii tena bei yake. Paneli zinazofuata jua, paneli zenye nyuso mbili na hali ya hewa ya baridi huvuta uwiano huo chini, kwa sababu hufikisha kilele mapema na kukaa nacho muda mrefu. Kuchakaa kwa paneli, ambako mara nyingi hukadiriwa kuwa karibu nusu asilimia kwa mwaka, huuvuta juu.

Kabla ya kuidhinisha, mwulize mhandisi maswali mawili. Je, modeli ilitumia takwimu za mwanga za kila dakika au wastani wa saa? Wastani wa saa huficha vilele vifupi vinavyotokea mawingu yanapopita, hivyo huonyesha umeme unaokatwa kuwa mdogo kuliko ulivyo. Na je, mtengenezaji wa inveta amekubali kwa maandishi uwiano huo, pamoja na mkondo wa juu unaoweza kutokea kwenye kila ingizo? Inveta inayoshinda kwenye mzigo kamili kwa saa nyingi hupata joto zaidi, na joto ndilo linalofupisha maisha ya kapasita, yaani vihifadhi chaji vilivyomo ndani yake.

Swali: Volti 1,000 au 1,500?

*Tuna ofa ya inveta za volti 1,000 zilizobaki kwa muuzaji, kwa punguzo kubwa. Tuzichukue? – Mnunuzi*

Jibu: Kwa kituo kikubwa kipya, hapana. Kwa volti 1,500 mstari mmoja hubeba karibu nusu zaidi ya paneli zinazobebwa kwa volti 1,000, kwa hiyo idadi ya mistari, viunganishi na fyuzi hupungua kwa theluthi moja. Nguvu ile ile husafirishwa kwa theluthi mbili za mkondo, na kwa kuwa upotevu kwenye waya hufuata mraba wa mkondo, waya ule ule hupoteza chini ya nusu ya ulivyokuwa ukipoteza. Punguzo la bei ya inveta ni nadra kufidia hayo yote. Isitoshe, paneli mpya zenye seli za milimita 210 hutoa mkondo wa karibu ampea 18, na inveta za zamani zilizobuniwa kwa paneli za ampea 10 zitaukata mkondo huo kila siku ya jua kali. Angalia mkondo wa kila ingizo kabla ya kuangalia bei.

Swali: Masharti ya gridi

*Mwendeshaji wa gridi anatutaka tuweze kufikia pawa fakta ya 0.95 tukiwa kwenye megawati 100. Muuzaji anasema inveta zake zina jumla ya 100 na zinatosha. Hatuelewi kama wanazungumzia kitu kimoja. – Msimamizi wa masuala ya gridi*

Jibu: Hawazungumzii kitu kimoja, na tofauti hiyo itawagharimu msipoiondoa mapema. Uwezo wa inveta hupimwa kwa megavolti-ampea, ambazo hubeba nguvu halisi, ile inayofanya kazi, na nguvu riaktivu, ile inayokwenda na kurudi kwenye gridi na kusaidia kushikilia volti, kwa pamoja. Ili kutoa megawati 100 kwa pawa fakta ya 0.95, yaani nguvu halisi ikiwa asilimia 95 ya uwezo huo, mnahitaji megavolti-ampea 105.3, ambamo karibu 33 ni za riaktivu. Transfoma na kebo zenu nazo hula sehemu ya riaktivu hiyo kabla haijafika kwenye sehemu ya kupimia, na siku ya joto inveta zinakuwa zimejipunguza. Ukijumlisha hayo, uwezo unaohitajika unaweza kufika 110 hadi 115. Muuzaji akileta 100, itabidi mpunguze nguvu halisi kila mnapoombwa riaktivu, au mnunue vifaa vingine vya kuizalisha. Inveta zenye uwezo wa kutoa riaktivu hata usiku, bila jua, zinaweza kuwaondolea gharama ya vifaa hivyo, na hapo bei yake ya juu ina maana.

Jambo la pili kwenye masharti ya gridi ni tabia ya inveta wakati wa hitilafu, na hapa kuna funzo ambalo sekta yetu ililipata kwa gharama. Tarehe 16 Agosti 2016, moto wa msituni uliopewa jina la Blue Cut ulisababisha hitilafu kwenye laini kubwa za umeme kusini mwa California, na karibu megawati 1,200 za umeme wa jua zilitoweka kwa mara moja. Laini zilikuwa zimejirekebisha kwa muda mfupi mno. Uchunguzi ulionyesha kwamba inveta nyingi zilisoma vibaya masafa ya umeme (idadi ya mizunguko ya mkondo geu kwa sekunde) wakati wa mshtuko huo zikajizima, na nyingine zilikuwa zimepangwa kusitisha utoaji volti inaposhuka chini ya asilimia 90. Tarehe 9 Mei 2021, karibu na Odessa huko Texas, takriban megawati 1,100 za jua zilipotea kwa namna inayofanana. Ujerumani nayo, kuanzia 2012, ililazimika kurekebisha mipangilio ya zaidi ya mitambo 300,000 ya jua, kwa sababu yote ilikuwa imeelekezwa kujizima masafa yakigusa 50.2 hezi.

Gharama ya marekebisho ya namna hiyo inaweza kumwangukia mwenye kituo, na kila dakika ambayo kituo kimezimwa kwa kutotimiza masharti ni mapato yaliyopotea. Kwa hiyo dai modeli za kompyuta za inveta zinazokubalika kwa mwendeshaji wa gridi kabla ya kusaini mkataba. Dai pia matokeo ya majaribio ya kuvumilia volti ya chini na ya juu, na haki ya kubadilishiwa mipangilio bila malipo masharti yakibadilika. Kama gridi mnayoungana nayo ni dhaifu, yaani iko mwisho wa laini ndefu, uliza waziwazi kama inveta imethibitishwa kufanya kazi bila kuyumba kwenye hali hiyo. Baadhi huyumba, na tatizo hujitokeza siku ya kuwasha kituo.

Swali: Dhamana na vipuri

*Muuzaji anatupa dhamana ya miaka 5 bure, na ya miaka 15 kwa malipo. Paneli zetu zina dhamana ya miaka 25. Tulipe? – Mwekezaji*

Jibu: Anza kwa kukubali kwamba inveta haitaishi miaka 25 bila kufanyiwa kazi kubwa. Feni, kapasita, kontakta, kadi za udhibiti na moduli za transista huchakaa, na bajeti ya busara hutenga fedha za kuzibadilisha au kubadilisha mtambo mzima kati ya mwaka wa 10 na wa 15. Dhamana ndefu ni njia ya kulipia gharama hiyo mapema. Inafaa kama ni nafuu kuliko mfuko wenu wenyewe, na kama aliyeitoa atakuwapo.

Neno hilo la mwisho si la kupuuzwa. Kampuni ya inveta ya Satcon ilifilisika mwaka 2012. Advanced Energy ilitangaza kuacha biashara ya inveta za jua mwaka 2015. ABB ilitangaza mwaka 2019 kwamba inaihamishia biashara yake ya inveta za jua kwa Fimer. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa kampuni ya uchochoroni, na wenye vituo waliokuwa na mitambo yao walilazimika kujua upya nani atawauzia vipuri. Ndiyo maana mimi huthamini zaidi mkataba unaoweka orodha ya vipuri yenye bei zilizofungwa kwa miaka kadhaa, akiba ya vipuri muhimu iliyomo ndani ya ghala lenu, mafunzo ya mafundi wenu, na nywila na programu za kutengenezea ambazo zitabaki mikononi mwenu. Kituo ambacho hakiwezi kufungua mtambo wake bila idhini ya mtu wa nje kina gharama iliyofichika, na mlango ambao mtu huyo huutumia kuingia kwenye mtambo akiwa mbali unaweza kutumiwa na asiyekusudiwa.

Msome pia namna upatikanaji wa mtambo unavyohesabiwa. Dhamana ya asilimia 99 ya muda inaweza kutimizwa hata kama inveta huzimika kila adhuhuri kwa dakika chache, wakati ambapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Takeni upatikanaji uhesabiwe kwa uniti zilizopotea, kwa kulinganisha na mwanga uliopimwa uwanjani, na fidia ilipwe kwa bei ya mkataba wenu wa kuuza umeme.

Mkiamua kubaki na miaka 5 ya bure, wekeni kwenye kalenda ukaguzi kamili wa inveta zote katika mwezi wa 54: kamera ya joto kwenye viunganishi, hali ya kapasita, sauti na kasi ya feni, kumbukumbu za hitilafu kutoka mwanzo. Kila kitakachopatikana kiandikwe na kudaiwa ndani ya miezi 6 iliyobaki, wakati mtengenezaji bado anawajibika kukilipia.